Kanisa Limesamehe Ulevi

1. MATANGAZO YA USHARIKA

Tangazo la nne. Ndugu Eliufoo, aliyetengwa kwa kosa la ulevi, amemaliza miezi sita ya mafundisho na leo anarudi kundini. Washarika watasimama kumpokea.

Tangazo la tano. Akina mama wa zamu ya usafi waje na mafagio yao.

2.

Wakasimama. Mchungaji akauliza, "Mmemsamehe?" Kanisa zima likajibu, "Tumemsamehe!"

Aikande alikaa.

Jirani yake alinong'ona kwamba mama huyu anaumwa miguu, kumfichia aibu tu. Miguu ilikuwa mizima. Alikaa kwa sababu alisikiliza tangazo neno kwa neno. Ulevi. Walikuwa wamesamehe ulevi.

Na mti je?

3. Kwa wewe unayesoma, maana hukuwapo

Eliufoo ni shemeji yake Aikande, mdogo wa marehemu mumewe.

Asubuhi ile alikunywa mbege, pombe ya ndizi, kisha akashika shoka.

Aliangusha mti wa mgrevilea wa mpakani bila kupiga kelele watu waondoke.

Nsia, binti wa Aikande, miaka tisa, alikuwa chini yake anakata majani ya ng'ombe.

Polisi waliandika: ajali.

4. Nje ya kanisa, watu wakipeana mikono

— Yule mama ana moyo mgumu jamani.

— Na Baba Yetu anaisali kila Jumapili. Sijui akifika "kama sisi tunavyowasamehe" anapitaje.

— Anapita kimya. Mimi nakaa naye benchi moja.

5. BARUA KUTOKA BARAZA LA WAZEE

*Kwa kuwa umekataa kumpokea ndugu aliyetubu, Baraza limeazimia usishiriki Chakula cha Bwana hadi utakapopatana naye. Amani ya Bwana iwe nawe.*

Haya. Aliyeangusha mti anakwenda mezani, mama mtu anatazama kutoka benchi la nyuma. Mimi ninayesimulia ni Mkristo, nimebatizwa na kubarikiwa, na bado barua hii imenikaa kooni.

6.

Mzee Manase wa Baraza alikuja kumwona nyumbani. Chai aliyopewa hakuigusa.

"Unataka nini zaidi, mama? Ametubu mbele ya watu."

"Mbele ya watu, ndiyo. Kwangu hajafika. Aje na isale."

(Isale ni jani refu la kijani linalopandwa mipakani. Mchagga aliyekukosea akikuletea limefungwa fundo, akapiga goti, huna ujanja. Kulikataa ni kujitafutia laana. Mkono wako ukilipokea, umesamehe.)

Mzee akashusha sauti. "Isale ni mambo ya mababu. Alitaka kukuletea wiki ile ile ya msiba. Sisi tukamkataza."

Kumbe.

Miezi saba Aikande alimchukia mtu kwa kutokuja, na mtu alikuwa amezuiwa. Ungedhani angepata nafuu. Alikasirika zaidi, kwa sababu chuki ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi.

7. Jumanne, saa tatu asubuhi

Alikuwa anafua. Aliliona jani kabla ya kumwona aliyelishika. Akaizamisha mikono kwenye beseni hadi viwikoni.

"Shemeji, nimekuja."

"Si wamekukataza?"

"Wamenikataza." Akapiga goti kwenye tope la maji ya kufulia. "Naomba unisamehe kwa lile lililotokea."

"Halikutokea. Ulilifanya. Mtaje."

Eliufoo akaligeuza jani mkononi. Kanisani hakuna aliyemdai jina.

"Mtaje, au ondoka na jani lako."

"Nsia," akasema. "Nilimuua Nsia. Nilimsikia anaimba, shemeji. Nikadhani yuko mbali."

8.

Anaimba.

9.

Hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Si polisi, si Mchungaji, si waliombeba mtoto. Aikande alikuwa amejiandaa kwa jina. Kwa wimbo hakujiandaa.

"Wimbo gani?"

"Shemeji, tafadhali."

"Imba."

Akaimba, kwa sauti mbovu, macho chini. Ulikuwa wimbo wa kuruka kamba. Alipofika ubeti wa pili akanyamaza.

"Endelea."

"Aliishia hapo."

Aikande akautoa mkono mmoja majini. Ukabaki hewani unachuruzika, na hata yeye hakujua unakwenda kwenye jani au kwenye kile kinywa, kukiziba.