Taa za Gari la Mkunga

Siku ya saba ya likizo yake, fundi umeme alikuwa bado amelala chali ndani ya gari la mama yake, kichwa chini ya dashibodi, miguu imetokeza mlangoni. Wenzake katika karakana ya malori walidhani amekwenda kupumzika. Shingo ilimuuma, vidole vilikuwa vimechunika, na kila alipofumba macho aliona nyaya: nyekundu, kijani, nyeusi, na moja ya kahawia ambayo hakujua inatoka wapi wala inakwenda wapi.

Gari lilikuwa limemzidi umri. Mama yake alikuwa mkunga, na kwa miaka thelathini alilitumia kwenda kuzalisha wanawake mitaa ambayo gari la wagonjwa halikufika. Alipostaafu likaingizwa bandani nyuma ya nyumba, likawa la kutu na panya. Sasa mama alikuwa na miaka themanini na miwili, anaishi peke yake, na mwaka huo alishaanguka mara mbili. Mara ya pili alilala sakafuni bafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipobisha hodi adhuhuri. Wanawe wawili, fundi na kaka yake, wakamsihi ahamie kwa fundi, ambaye ndiye binti yake. Alikataa katakata, mpaka siku moja akasema:

"Haya, nitahama. Lakini sitolewi humu kama kabati. Nitatoka na gari langu, linatembea, na taa zote zinawaka. Mimi sijawahi kupanda gari bovu."

Pengine alidhani hapo amewafunga. Lakini mwanawe wa kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga rangi magari, hakuchelewa. Alilivua gari hadi likabaki mifupa, akakwangua kutu, akaziba matundu, akampa rafiki yake injini aifufue, kisha akalipiga rangi tabaka sita, samawati ile ile ya zamani. Kazi ilimla miezi minne, na nusu ya mgongo wake. Ndipo akampigia simu dada yake.

"Mimi nimemaliza. Zimebaki taa tu."

Taa tu! Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa za nyuma nazo zilikonyeza. Ukikanyaga breki, taa za breki zilisinzia, na indiketa ambazo hakuna aliyeziita zikatoa mwanga hafifu. Taa za mbele zilikuwa njano kama macho ya mgonjwa. Fundi alibadilisha balbu zote. Akabadilisha fyuzi. Akabadilisha flasha, kile kidude kinachofanya indiketa ipepese. Akafungua swichi, akazisugua. Akapima betri, ikawa nzima. Siku mbili akavuta nyaya mpya toka mbele hadi nyuma, akazifunga moja moja, akawasha. Taa za nyuma zikamkonyeza.

"Bado?" Kaka yake alikuwa amesimama kando ya gari na kitambaa cha kung'arishia.

"Bado."

"Lakini nyaya si ulizitoa zote?"

"Nilizitoa."

"Basi labda hukuzirudisha sawasawa, mdogo wangu. Sisemi kwa ubaya."

"Kama si kwa ubaya, usiseme kabisa."

"Nimekuachia gari kama yai, wewe siku saba unapaka rangi upepo."

"Wa kupaka rangi ni wewe, kaka. Hata upepo ungeupaka tabaka sita."

Sauti ya mama yao ikaja kutoka kibarazani: "Mnagombana?"

"Hapana, mama!" wakajibu wote wawili, kama watoto.

Kaka akaondoka. Fundi akajikokota hadi nyuma ya gari, akaketi chini sakafuni, akalia kidogo. Hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa amechoka chakari tu, na kulia kulikuwa kazi nyepesi kuliko kusimama.

Alipomaliza hakuwa na nguvu ya kufikiri tena. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo kule karakana huwafundisha wanagenzi siku ya kwanza. Alichukua waya mrefu, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri, akaiburuta ncha ya pili hadi nyuma na kuigusisha kwenye kikombe cha chuma kinachoshika balbu.

Taa ikawaka nyekundu kali, hata akapepesa macho. Akaondoa waya, ikasinzia. Akaurudisha, ikawaka.

Umeme ulikuwa unafika. Haukuwa na njia ya kurudi kwenye betri, maana katika gari hurudi kupitia chuma cha bodi.

Alifungua nati, akaing'oa taa. Nyuma yake bodi ilikuwa samawati, laini kama ngozi ya mtoto. Akafungua ya pili, nayo vilevile. Kaka yake hakuacha wazi hata pa kuweka ukucha: nyuma ya taa, ndani ya matundu ya bolti, chini ya kila nati. Mahali ambapo chuma kilipaswa kugusa chuma, palikuwa na rangi tabaka sita, na rangi haipitishi umeme. Ulipokosa njia yake, ukawa unajipenyeza kwenye taa za jirani kutafuta pa kutokea.

Hakuruka kwa furaha. Alikaa na nati mkononi, akiwaza atasemaje. Kisha akamwita.

"Kaka, tatizo nimelipata."

"Liko wapi?"

Akamwonyesha. Kaka akainama taratibu, mkono kiunoni.

"Mbona hapo pasafi."

"Ndiyo. Pasafi mno." Akamweleza.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni rangi."

"Rangi haikujipaka." Akacheka cheko lisilo na nguvu. "Siku saba nakusimanga, kumbe mchawi ni mimi."

"Na mimi ningepima hapa siku ya kwanza. Nilijiona fundi mkubwa, nikaruka somo la kwanza."

Kaka alinyoosha mkono. "Lete msasa. Nitakwangua mwenyewe."

Mkono wake ulisita juu ya ile samawati, kisha akaanza. Alikwangua duara dogo kama kifungo cha shati, akapuliza vumbi, chuma kikang'aa. Dada yake akapaka grisi kuzuia kutu, akarudisha taa. Palikuwa na mahali kumi na moja. Alasiri ilipoisha waliwasha kila kitu, na kila taa ikafanya kazi yake bila kuingilia ya mwenzake.

"Zimewaka," kaka alisema.

"Zimewaka."

Wakaketi juu ya bampa, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Jumamosi asubuhi mama alilizunguka gari na mkongojo wake. "Kushoto," aliamuru. "Kulia. Breki. Kanyaga tena. Kubwa. Ndogo." Aliinama mbele ya kila taa, akaichunguza. Hakupata kasoro. Binti yake akaona uso wake ukilegea, na hapo akaelewa kwamba mama alikuwa akiomba ipatikane hata moja iliyokufa.

"Haya," mama alisema. "Mmenishinda."

Aliingia ndani kuchukua mkoba, akakaa muda mrefu. Hawakumfuata. Alipotoka alifunga mlango mwenyewe, akajaribu kitasa mara mbili.

Walipofika kwa binti yake hakushuka.

"Niacheni kidogo," alisema.

Kaka akazima injini. Fundi, kiti cha nyuma, akaegemeza kichwa kwenye kioo na usingizi ukambeba papo hapo.

Alipozinduka, viti vya mbele vilikuwa vitupu. Kutoka ndani ya nyumba alisikia mama akifoka kwamba kitanda hakiwekwi hapo, kigeuzwe, na kaka akijibu ndiyo mama, ndiyo mama, huku kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Alijua anapaswa kwenda kusaidia. Akafumba macho tena.