Mstari wa Tatu Niliufunga Mimi

Wewe umewahi kupita pale getini. Usikatae. Ulikuwa na begi la magurudumu na miwani ya jua, ukaona daftari kubwa mezani na mlinzi ameinama analijaza mbio mbio, wala hakuna mgeni aliyesimama mbele yake. Uliona. Ukageuza uso, ukajiambia kila nyumba na mambo yake. Aliyeinama nilikuwa mimi.

Hoteli yetu ilikuwa kisiwani, vyumba ishirini na vinne, geti moja la kwenda ufuoni. Mgeni akitoka nilimwandika: namba ya chumba, saa ya kutoka, anakokwenda. Akirudi niliandika "amerudi" na saa yake. Aliyebuni daftari lile hakuwa mjinga. Asiyerudi atajulikana, atatafutwa.

Lakini tulikuwa na msimamizi tuliyemwita Koti, kwa kuwa hakulivua hata jua likiwa la kukaangia mayai. Koti alitunga sheria yake: zamu ya asubuhi haiondoki mpaka mistari yote ifungwe. Hakutaka mwenye hoteli akute nafasi tupu. Basi tukaifunga. Ikikaribia saa nane mchana, mlinzi anakaa kitako na kuwarudisha watu kwa kalamu. Wao bado wanaogelea, sisi tumeshawafikisha vyumbani. Tulicheka sana. Tulisema kalamu yetu ina mwendo kuliko boti.

Yeye alikuja peke yake. Muuguzi, chumba namba tisa. Alikuwa amemuuguza mama yake miaka mitatu, akamzika, ndipo dada yake mkubwa akamwambia kapumzike wiki moja. Haya alinisimulia siku ya kwanza, akingoja mvua ipite kibandani kwangu. Hakuwa mzembe. Nalirudia kwa sababu utasikia vingine: hakuwa mzembe. Kabla ya kutia mguu majini aliuliza mkondo uko wapi, na simu inakamata mpaka wapi.

Siku ya nne alitaka kwenda kwenye mawe ya nje, ambayo maji yakipwa unayafikia kwa miguu. Zilikuwa siku za bamvua, bahari inapokwenda mbali sana kisha ikarudi kwa fujo. Nilimweleza kwamba simu haikamati kule, na kwamba ikipita saa tisa njia itazama, na baadaye mawe nayo yatazama. Akainamia daftari, akiitazama kalamu yangu.

"Kaka, andika narudi saa tisa."

"Nimeandika, dada."

"Na nisipoonekana?"

"Tutakufuata. Hili daftari si pambo."

Akasema wanaume wote waliowahi kumwahidi kumfuata walitaka kujua kwanza kama kuna chakula. Nikacheka. Akaenda.

Saa nane kasoro dakika tano akaingia mlinzi wa zamu ya mchana, tuliyemwita Kinyozi kwa kazi yake ya zamani. Akafungua daftari, akaona mistari mitatu iko wazi, akanisukumia kama mtu aliyepewa sahani chafu.

"Mimi sirithi wajane wa mtu. Funga."

Nikamwambia wawili wapo hapo kwenye kina kifupi, nawaona, na wa tatu atarudi saa tisa. Akanijibu, basi kaa umngoje, umwoe kabisa. Nje gari la wafanyakazi lilikuwa linanguruma. Koti alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa yake.

Ningeweza kubaki. Ningeweza hata kumnong'oneza Kinyozi: huyu wa tisa yuko kwenye mawe, mtupie jicho. Sikusema, maana kumwachia agizo juu ya mtu ambaye mstari wake umefungwa kungekuwa kukiri kwamba daftari linasema uongo, na Koti alikuwa anasikia. Nikaandika: chumba tisa, amerudi, saa nane kasoro kumi. Kwa mwandiko mzuri.

Yaliyofuata niliambiwa kesho yake. Saa tisa na nusu mpishi alitoka jikoni kumwaga maji, akaona mtu kule kwenye mawe anapunga kitambaa cha njano. Akamuuliza Kinyozi kama kuna mgeni nje. Kinyozi akafanya kama alivyofundishwa: akalifungua daftari. Wote wamerudi, na saa tisa niliyomtajia ilikuwa imeshapita. Akasema labda ni waokota chaza. Boti ya hoteli ilikuwa imefungwa hatua hamsini kutoka pale waliposimama. Mpishi, mtu wa adabu zake, akampungia mkono yule mtu, akarudi kwenye sufuria zake.

Walimkuta asubuhi maji yalipopwa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika, naye alikuwa amekifunga kwa mkanda wa begi lake, imara, kazi safi ya muuguzi.

Siku ya tatu dada yake mkubwa alifika. Hakulia mbele yetu. Aliomba daftari, akalisoma kwa kidole.

"Alirudi saa nane kasoro kumi?"

Koti akamjibu kwa upole wote wa dunia kwamba pengine alitoka tena kwa nyuma, bila kuaga. Wageni wa peke yao, unajua tena. Dada yule akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyeandika? Ulimwona akirudi, kwa macho yako?"

"Ndiyo, dada."

Akatikisa kichwa. "Huyu mtoto," akasema, "tangu mama afe alikuwa hanisikii."

Nikamwona pale pale anaanza kumkasirikia marehemu. Alikwenda kumzika akiwa na hasira naye. Bahari ilichukua ilichochukua. Hili la pili nimelifanya mimi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Lakini ilinichukua miaka minne kupata ujasiri wa kwenda kwao, na nilipofika nikaambiwa dada yule amehama, hakuna ajuaye alikohamia. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Nimefukuzwa kwenye mageti mengi kwa kuuliza swali moja, yuko wapi huyu mliyeandika amerudi, na kwenye mengi yao mistari bado inafungwa saa nane kasoro.

Dada mkubwa, kama haya yatakufikia: hakutoka tena. Alikuwa palepale alipoaga kwenda, akingoja tulichomwahidi.

Na wewe uliye hotelini sasa hivi, inuka. Nenda getini, omba daftari, tafuta mgeni aliyetoka peke yake. Wakikuonyesha mwandiko, ukatae. Dai kuonyeshwa mtu. Asipoonekana, usingoje msimamizi, fungueni boti.