Maua ya Mwenye Nyumba

Mwaka ule wa 1994, kila lango lilipogongwa nilijua wamekuja kunitoa. Mara ilikuwa upepo tu. Mara alikuwa mume wangu Conrad, anayegonga lango la kwake kama polisi, nami nikamtukana mpaka akazoea.

Nasema la kwake, lakini nyumba haikuwa yetu. Tulizaliwa ukimbizini Bujumbura, tukaingia Kigali mwezi wa nane, mauaji yamekwisha, tukaikuta hapa Nyakabanda mlango wazi, hakuna mtu. Wengi waliingia hivyo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nami nilikuwa nimeazima nyumba nzima bila kumwomba yeyote.

Uani, kwenye jua kali, palikuwa na vijiti vikavu. Conrad akashika jembe, apande maharage. Nilichimbua kwa kidole nikakuta mzizi mnene, mbichi, umeshuka chini sana.

"Hiki hakijafa," nikamwambia. "Ukigusa, utakula hayo maharage peke yako."

Nikakata hata tawi la parachichi lililovitia kivuli jioni. Mvua ziliponyesha majani yakatoka, na kufika Novemba mashina yalinifika kifuani: maua ya njano, katikati kichwa cha kahawia kilichochongoka kama pia ya watoto, petali zikining'inia kama masikio ya mbuzi. Niliyapenda, na yalininyima usingizi. Mtu hapandi kitu cha kuchanua kila mwaka kama hana nia ya kuwapo.

Jumapili moja lango likagongwa taratibu. Alisimama mwanamke mwembamba, mikono mitupu.

"Naitwa Spès. Hii nyumba ni mimi nilijenga na bwana yangu. Nimesikia maua iko inachanua."

"Mimi ni Béatha," nikasema. "Pita, dada." Habari za bwana na watoto sikumuuliza. Alikuja peke yake, hilo lilitosha.

Alikwenda moja kwa moja kwenye maua, akayagusa moja moja.

"Nilipanda mwaka ya tisini na mbili. Mwaka ya kwanza ilitoa majani tu. Ya pili, ua moja. Sasa ona!" Akainua macho. "Umekata tawi ya avoka."

"Nimekata."

"Umefanya vizuri. Hii inataka jua."

Conrad akajitia kati haraka. "Dada, chimbua zote uende nazo. Hata kubeba nitakubebea."

"Haihamishwi," alisema Spès bila hasira. "Muzizi ukikatika, inakufa."

Mimi nikakimbilia ndani kuleta urwagwa, pombe yetu ya ndizi, maana mgeni haachwi na koo kavu. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni akimwona, ajue haina sumu, ndipo humkabidhi. Nilitoka na kibuyu na mrija wake, nikauinua mpaka mdomoni, na mdomo ukakataa kufunguka. Nikionja, nimesema nyumba ni yangu; nisipoonja, nimeitoa. Nilifikiria mvua, na watoto wangu wawili waliolala ndani, na kwamba hatukuwa na pengine pa kwenda.

Nikampa bila kuonja.

Conrad alikohoa. Spès alikipokea kibuyu, machozi yakamlenga. Kisha akavuta funda moja, akaufuta mrija kwa kiganja, akaninyooshea.

"Karibu kwangu, Béatha," alisema.

Nikapokea kwa mikono miwili.