Sanduku la Benigna na Jua la Majirani

Jumatatu asubuhi, saa mbili na robo, fundi Jordan aliegemeza paneli ya sola kwenye ukuta wa jiko la mama Benigna, kule Matogoro, akachomeka waya kwenye sanduku, akachuchumaa kusubiri kitaa chake kiwake. Kitaa kiliwaka chekundu, kikakaa hivyo hivyo.

Sanduku lenyewe ni la safari, katika yale ya kupanda. Unalikalia kama kigoda, unashika usukani, linakwenda, na nguo zako zimo ndani. Agape, bintiye Benigna, anafagia uwanja wa ndege huko Uarabuni. Alipewa na msafiri mmoja, akalituma nyumbani, kwa sababu mama yake alianguka na bodaboda na tangu hapo nyonga haikubali kupanda pikipiki. Bajaji hazifiki upande ule.

"Mama, nisikufiche," alisema Jordan. "Paneli hii ni ya taa mbili na simu. Sanduku litakula siku nne za jua kali."

"Na baraza ni keshokutwa."

"Na huu ni mwezi wa sita."

Mwezi wa sita ukungu hushuka kutoka vilimani, ukakaa uani kama mgeni asiyejua kuaga.

Umeme wa nguzo upo, ila nguzo ya mwisho imesimama kwa Crispin, mdogo wake marehemu Rupert, mume wa Benigna. Na Crispin ndiye Benigna aliyemshtaki kwenye baraza la ardhi. Rupert aliacha ekari mbili. Arobaini ilipopita tu, Crispin akaingiza jembe, akasema mwanamke harithi udongo. Shauri liliitwa mara mbili, na mara zote mbili Benigna hakuweza kufika. Vikao vilikaa, vikaandika: hakuhudhuria. Asipofika mara ya tatu, ekari zinakwenda.

Jumanne ukungu ulikaa kwa Benigna. Kwa Frida, ng'ambo ya kijito, jua lilikuwa linawaka. Basi Frida akakung'uta ungo wake, akaujaza jua, akajitwika, akavuka nao. Alitembea polepole, maana jua likijaa ungo hupenda kumwagikia upande mmoja. Akalimimina juu ya paneli. Kitaa kikawa cha njano.

"Shikamoo, mama. Nimeleta kidogo, jingine nimeanikia mahindi."

"Marahaba, mwanangu. Ungo wa watu haurudi mtupu. Nitaurudisha na nini?"

"Urudishe na mahindi ya ekari zako."

Wakaja na majirani wengine, Subira na Shakila. Shakila alileta la uani kwake lote. "Nimekomba, mama, msije mkasema Shakila mchoyo." Kwake kulibaki giza la alfajiri mchana kutwa. Kuku waliingia bandani saa sita, na mumewe alitafuta kanzu ya kwendea adhuhuri kwa kupapasa. Mahindi yao yalichelewa kukauka siku mbili. Jioni kitaa kilikuwa kijani.

Jumatano Frida alilibeba sanduku kichwani hadi kwenye lami, kwa kuwa magurudumu yale yalitengenezewa sakafu za vigae, hayaujui udongo wa Matogoro. Benigna akafuata na fimbo, Subira nyuma yake. Kwenye lami akalikalia, cheti cha ndoa kikiwa ndani, akaenda. Kwenye mlima betri ililegea, Subira akasukuma.

"Bibi, hicho chombo kinakunywa nini?" aliuliza dereva mmoja wa bodaboda.

"Kinakunywa uani kwa Shakila."

Alifika saa tatu kasorobo. Katika ofisi ya baraza, mjini, alikuwemo katibu peke yake, Ramson, aliyehamishiwa hapo kutoka mkoa mwingine.

"Shikamoo, mama. Kikao kimeahirishwa. Mwenyekiti yuko semina."

"Marahaba. Hadi lini?"

"Mtaitwa."

Crispin hakuwepo. Yeye aliambiwa tangu Jumatatu.

Benigna hakuondoka. Alikaa juu ya sanduku lake, mikono kwenye usukani.

"Kitendawili," akasema.

Ramson alitazama mlango. Lakini naye alilelewa na bibi. "Tega."

"Nisipokuja kipo, nikija hakipo."

Ramson alilitazama daftari la mahudhurio, akalifunga. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Kulitamka ndiko kulikokuwa na gharama, na ana watoto watatu.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

Ndivyo ilivyo: asiyeweza kutegua hutoa mji. Ramson akatoa aliokuwa nao.

"Chukua Songea."

"Songea nimeipokea. Jibu utalitaja mwenyewe ukistaafu."

Na kwa kuwa ofisi haitoi kitu bila maandishi, Ramson aliandika: mji wa Songea, pamoja na soko, stendi na vilima vyake, ni wa Benigna. Akagonga muhuri, akampa nakala.

Wakati wa kurudi mji ulikwisha kujua. Wauza ndizi walisimama. Magari yatokayo Peramiho yalipunguza mwendo, yakampisha mwenyewe apite. Benigna aliwaitikia wote, mmoja mmoja, hadi lami ilipokwisha na Frida akajitwika sanduku.

Njia inapita kando ya zile ekari mbili. Crispin alikuwa humo, anavuna. Alipomwona shemeji yake akavua kofia, akainama, akamwamkia kwa heshima zote zinazomstahili mwenye Songea. Benigna akaitikia.

Kisha Crispin akavaa kofia yake, akaendelea kuvuna.