Haika Kwenye Kamera ya Pili

Jumamosi hiyo Haika alikuwa kwenye majaribio. Msimu mzima uliopita alikuwa mvuta nyaya wa kituo kidogo cha televisheni kilichorusha mechi za hoki ya barafuni za vyuo vya Minneapolis na St. Paul, Marekani. Leo mpiga picha mmoja alikuwa mgonjwa, naye akapewa kamera ya pili. Akiimudu, itakuwa yake. Akivurunda, atarudi kwenye nyaya.

Mwongozaji, Davis, alikuwa nje ya uwanja, ndani ya gari la matangazo, akiwaita wapiga picha kupitia visikizi vyenye maikrofoni walivyovaa, wote kwenye laini moja.

"Haika!"

"Abee!"

Davis akaita tena.

"Haika, mlinda mlango."

"Abee, nimemwona."

Alilelewa Machame, ambako mtoto wa kike akiitwa na mkubwa hanyamazi.

Wakati wa mapumziko Eliakunda, Mtanzania mwenzake aliyeshughulikia marudio ndani ya gari lile, alimfuata.

"Dada, huku hatuitiki. Ukisema abee, wenzako hawamsikii mzee."

"Ninyamaze? Si ataniona sina adabu?"

"Itikia kwa kamera. Iinamishe, iinue, kama unatikisa kichwa. Tutaiona kwenye skrini."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuwa nacheka kwanza."

Kipindi kilichofuata mambo yakaenda vizuri. Davis aliita, kamera ikaitika. Haika akaanza hata kuifurahia heshima hiyo isiyo na sauti. Mechi ikafika ukingoni, timu zikiwa sare.

"Haika, kaa na mlinda mlango. Tunakuja kwako."

Taa nyekundu ikawaka juu ya kamera: picha yake ilikuwa hewani. Haika akaitika. Katika nyumba za watu, kuanzia Richfield hadi Fridley, goli likapanda kwenye skrini, kisha likashuka. Wakati huohuo kisahani cheusi, ambacho ndicho mpira wa hoki hiyo, kikapenya wavuni.

"Nani ametikisa?" Davis aliuliza.

Samahani ilimfika Haika kooni. Kwao radhi huombwa papo hapo. Lakini mlinda mlango alikuwa bado amepiga magoti, akikitafuta kisahani nyuma yake, na hakuna kamera nyingine iliyokuwa inamtazama. Akaimeza ile samahani. Mikono ikatulia, picha ikatulia nayo.

Mechi ilipokwisha, Davis alimjia na kikombe cha kahawa.

"Taa ikiwaka, hata mama yako akikuita, tulia."

"Nimesikia."

"Jumamosi ijayo uwahi. Kamera yako hiyo inachelewa kupata joto."

Eliakunda alingoja Davis aondoke. "Nina marudio mawili," alisema. "Moja la goli likifungwa, moja la goli likikusalimia."