Shimo la Nyumba ya Familia

Udongo wa matofali ya kwanza niliukanyaga kwa miguu yangu mwenyewe, nikamwonya Ndambiri kwamba nyumba ikinuka asimlaumu fundi.

Ndambiri ni kaka yangu mkubwa, msanifu majengo huko Nairobi. Alikuja kwetu Kanja na michoro yake, akasema baba na mama hawatazeekea kwenye mabati. Tutajenga nyumba ya familia kwa udongo wetu wenyewe, matofali ya kukaushwa juani tu.

"Lakini udongo mzuri uko kwa shamba lako, Mwenda," akaniambia. "Wa baba ni wa mfinyanzi mno, utapasuka."

Shamba langu ni kile kipande chini ya migomba, baba alichonionyesha mbele ya wazee wa ukoo nilipotoka jandoni. Kingine sina. Mke sina, ng'ombe sina, hata pikipiki ninayoendesha ni ya watu.

"Na mimi nitakula nini, matofali?"

"Tunatoa ule mweusi wa juu, tunauweka kando. Tukimaliza tunarudisha, unapanda mahindi yako. Na chumba cha kona ni chako. Dirisha linaangalia mlima Kirinyaga."

Baba alikuwa hapo hapo. Akasema, "Nimesikia." Kwetu baba akisema amesikia, hayo yamekwisha, hakuna haja ya mashahidi.

Basi nikachimba. Nikakanyaga, nikajaza kalibu za kufyatulia, nikageuza matofali juani, na mawingu yakikusanyika nikayafunika kwa majani ya migomba kama watoto wagonjwa. Nyumba ikapanda. Nzuri, sitadanganya. Majirani waliokuja kutucheka walipapasa ukuta, wakapapasa tena.

Siku ya kuibariki nikabeba godoro langu hadi chumba cha kona. Nikakuta meza kubwa ya kuchorea, na Purity, mke wa Ndambiri, anatundika pazia.

"Shemeji, hilo godoro unampelekea nani?"

"Mwenye chumba."

"Si hii ni ofisi ya Ndambiri akija likizo? Kwani hakukwambia?"

Nikachungulia dirishani. Mlima sikuuona. Niliona mawaridi ya Purity yamenona, yamepandwa kwenye udongo mweusi ninaoujua kuliko uso wangu.

Nikatoka. Ndambiri alikuwa anatembeza wageni, pasta mbele.

"Na pale chini," alisema, akionyesha kipande changu, "tutaweka bwawa la samaki. Shimo liko tayari."

"Hilo shimo ni shamba langu," nikasema. "Na huo ukuta mnaoegemea, pasta, ni mahindi yangu."

Pasta alicheka mpaka akashika tumbo. Wageni wakafuata. Ndambiri akanishika bega. "Huyu mdogo wangu! Bila yeye tungejenga tukilia."

"Sifanyi mzaha. Baba, waambie ulisikia nini."

Wakacheka zaidi. Nimewachekesha watu hawa tangu shule ya msingi, sasa hata nikiungua watasubiri mwisho wa kichekesho.

Baba alikuwa kwenye kiti kipya alichonunuliwa na Ndambiri, karibu na mlango. Alinitazama. Akamtazama Ndambiri, akatazama kiti. Kisha naye akacheka, polepole.

"Kijana ana maneno huyu," akamwambia pasta. "Karibuni ndani, chakula kinapoa."

Waliingia wote, baba wa mwisho, akaufunga mlango bila kuniangalia. Nyumba ya udongo haitoi sauti nje. Kama bado walikuwa wanacheka, sikusikia.