Matundu Sita ya Emilio

Vipande nilivikusanya kwa sumaku ya karakana, ileile niliyozoea kuokotea chembe za chuma chini ya mashine. Niliipitisha juu ya mchanga wa ua wetu pale Kator, mbele ya mlango wa Emilio, na kila ilipolia *tik* nilijua imepata kingine. Kipande cha tatu kilikuwa ukuta wa tundu la kupakilia risasi katika bastola. Kwa nje kilikuwa cheusi kwa umri. Kwa ndani kiling'aa, na mng'ao ule niliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake mwenyewe.

Nilikitia mfukoni. Hakuna aliyeniona. Asubuhi ile ya Desemba 2013 hakuna mtu Juba aliyekuwa na muda wa kumtazama jirani yake.

Mimi ni Edrine, mtu wa Masaka, Uganda, fundi wa kukereza vyuma. Nilikuwa na karakana Hai Jalaba, na kazi haikukauka. Pampu ilitoka China, shafti Khartoum, beringi Kampala. Hakuna kilichokuwa saizi ya mwenzake, nami ndiye niliyevifungisha ndoa. Ukutani nilipaka maandishi ya rangi nyekundu: KILA KITU KITAINGIA. Watu walicheka, kisha wakaleta kazi. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Niliamini kwamba kitu kisipoingia, kosa ni la tundu.

Emilio alikuwa mwenye nyumba wetu, mzee wa kabila la Bari aliyekaa ukimbizini Uganda miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha huko. Chumba cha pili alipanga Nhial, mwalimu wa hesabu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Nhial alikuwa Mnuer, na mistari sita ya chale za kabila lake ilipita kwenye paji la uso kutoka sikio hadi sikio. Nilimtania kwamba Mungu alimpigia mistari ili aandike hesabu vizuri. Jioni tulikula sahani moja sisi watatu, na aliyechelewa alikuta mifupa.

Juni 2011, mwezi mmoja kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, Emilio alinifuata karakanani na kitu alichokifunga kwenye taulo. Nhial alikuwepo, shule zilipofungwa alipenda kuja kunisaidia kubadili inchi kuwa milimita. Emilio akafungua taulo. Ndani mlikuwa na rivolva nzee, bastola kubwa ya matundu sita, na risasi sita.

"Ya Edrine, hii ya baba yangu," alisema. "Baba iko polisi wakati ya Mwingereza. Sasa uhuru nakuja. Bunduki bila risasi ni nyundo sakit, nyundo tu. Wewe tengeneza, risasi ingia."

Risasi alipewa na askari mmoja mstaafu. Zilizama nusu, zikagoma. Nikachukua kalipa, nikapima, Nhial akaandika kwa chaki mezani. Risasi zilikuwa ndefu kuliko tundu na nyembamba kuliko mdomo wake. Ndani ya kila tundu mlikuwa na kidaraja chembamba cha chuma, na hapo ndipo zilipokwama.

Nhial akazikagua tena namba zake za chaki.

"Mzee, hii risasi si ya hii bunduki," alisema. "Mbele inagoma, nyuma inalegea. Edrine, hii hesabu inakataa."

"Mwalimu," nikamjibu, "hesabu ni yako, chuma ni changu."

Emilio akacheka, nami nikacheka, na Nhial akafuta meza kwa kiganja chake. Mchana mmoja ulinitosha kuviondoa vile vidaraja vyote sita. Sikutaka malipo, nilisema ni zawadi yangu ya uhuru. Risasi zikateleza ndani moja baada ya nyingine. Kwa nyuma zilicheza kidogo, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Nilihisi mchezo huo kwa kidole gumba, nikaufunga mdomo wangu. Sasa najua kwamba aliyeiunda bastola ile aliweka kile kidaraja kama mtu anavyoweka komeo, ili risasi yenye nguvu zaidi isipate njia. Mimi nililing'oa komeo nikaita ufundi.

Hatukuijaribu. Risasi zilikuwa sita tu na Emilio hakutaka kuipoteza hata moja. Aliahidi atapiga ya kwanza hewani siku ya uhuru. Ilipofika tarehe tisa Julai alisimama juani katikati ya umati, akaona bendera ikipanda, akalia mpaka shati likalowa. Tuliporudi nyumbani alikuwa amesahau kabisa habari ya bastola. Wakati mwingine huwa nafikiri kwamba kama asingelia, angeupoteza mkono mapema na Nhial angekuwa hai.

Vita vipya vilipoanza Desemba ile, mji ulilia kwa bunduki siku nzima, na asubuhi iliyofuata tukasikia kwamba watu wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta Wanuer. Nhial alijaribu kuvaa kofia ili kuificha mistari yake. Emilio akaivua, akamsukuma ndani ya chumba chake mwenyewe, nyuma ya magunia ya mtama, kisha akaketi kwenye kiti mlangoni, taulo likiwa mapajani.

Waliingia wanne. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wangu, jicho kwenye ufa. Niseme ukweli: niliogopa hata kupumua.

"Hapa hakuna mtu," Emilio aliwaambia. "Kalas, basi. Rudini."

Mmoja alisogea. Emilio akasimama, akaitoa bastola, akaielekeza juu ya vichwa vyao. Na yule mtu alirudi nyuma hatua moja. Niliiona kwa jicho langu hatua hiyo, na nimeibeba tangu siku ile.

Emilio akafyatua. Haukuwa mlio wa risasi. Ulikuwa mpasuko, kama tairi. Moshi ulipotawanyika alikuwa amepiga magoti, na mahali pa kiganja palikuwa na kitu kisichokuwa kiganja. Alipiga ukelele mmoja. Wale wanne wakaanza kucheka.

Ukelele ule ndio uliomtoa Nhial. Alitoka nyuma ya magunia bila kofia, bila kuwatazama wenye bunduki, akachana shati lake na kuufunga mkono wa Emilio juu ya kifundo, akikaza kwa meno. Walimwacha amalize fundo. Kisha wakamshika mabega, wakatoka naye langoni. Hakurudi, na hatukupata hata cha kuzika.

Nilirudi Masaka mwaka uliofuata. Nina karakana, na ukuta wake hauna maandishi. Mteja akileta kitu kisichoingia, namwambia akatafute cha saizi yake. Wananiita fundi mvivu. Kile kipande kipo kwenye droo ya mashine, na najuta kila ninapoifungua.

Lakini kabla sijaondoka Juba nilikwenda hospitali kumwona Emilio. Walikuwa wamemkata mkono chini ya kiwiko. Alikuwa amekonda. Aliniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa akijiuliza tangu alipozinduka.

"Edrine. Mimi nilipakia vibaya?"

Kipande kilikuwa mfukoni mwangu wakati ule. Nilikishika.

"Chuma kilikuwa kimezeeka, mzee," nilisema.

"Basi makosa ni yangu. Mimi natoa kitu ya zamani, Nhial anatoka sababu yangu." Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, na mkono aliozoea kuyafutia haukuwepo. Nikayafuta mimi. Akanishika kwa mkono uliobaki. "Lakini wewe ulifanya kazi yako muzuri, mtoto yangu. Iliingia bila kulazimisha."

Nikamwambia asante.